Waya Niliouchomoa Siku ya Mavuno

Mmbone,

Umetoka hapa saa nane kwenda Bukura kumuaga senge, shangazi yako, na ninavyomjua dada yangu, hatakuachilia kabla hajakulisha mara mbili. Kwa hivyo nina jioni nzima. Nimeifunika cherehani hii ya nyumbani, nimevuta stuli hadi mlangoni penye mwanga, na nimechana karatasi kwenye daftari la vipimo. Ukiona nyuma ya barua hii kuna kiuno na mabega ya mtu, usishangae. Ni suti ya mwalimu mmoja wa hapa Shirere. Itangoja.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako ameshaandika orodha ya sweta, dawa na mtu wa kumpigia simu ukishuka kwenye ndege huko Afrika Kusini, na ameibandika kwa gundi ndani ya sanduku ili usijifanye umeipoteza. Mimi nina jambo moja tu. Limenivuruga kichwa kwa miezi, na hata sasa ninapoandika sijalielewa sawasawa, kwa hivyo nivumilie nikienda mbele na kurudi nyuma.

Ni huu muziki wako. Hii jazi ya kuchanganya, hii fyusheni. Nimekuwa nikiisikiliza. Usicheke kwanza.

Tangu Jumapili ya mavuno, miezi minane sasa, hatujaongea wewe na mimi. Tunasalimiana. "Baba, chai." "Asante." "Baba, nimetoka." "Haya." Hujaninyima heshima hata siku moja, na hiyo ndiyo imeniumiza zaidi, maana ungenijibu vibaya ningejua pa kushika. Kesho unaenda kusoma besi miaka mitatu. Miaka mitatu ya "haya" kwenye simu mimi siiwezi, Mmbone. Nakwambia wazi.

Siku ile unaijua, lakini acha niisimulie vile niliiona mimi. Kanisa limejaa. Akina mama wanaingia kwa mstari na vikapu vya mahindi na maharagwe, na kuna yule jogoo aliyekataa kunyamaza. Mimi niko kwenye isukuti, ngoma kubwa, ninawaongoza waingie kwa mwendo mmoja kama kila mwaka. Baba yako mdogo Shivachi, mwenye ngoma ndogo, hakuwepo kwa sababu alikuwa ameenda matanga. Nikasema moyoni, si kitu, nimepiga ngoma hii kabla ya kunyoa ndevu. Wewe uko pembeni na gita lako la besi. Tukaanza vizuri. Halafu, katikati ya njia, miguu ikaanza kupotezana. Mama aliyetangulia akasimama, wa nyuma akamgonga, maharagwe yakamwagika. Makofi yakawa huku na kule. Nikasikiliza kimeharibika wapi, nikasikia besi yako inazunguka kwa namna yake, inaisha kabla ya pale inapopaswa kuisha na kuanza upya. Nikakuangalia. Ulikuwa unatabasamu.

Lile tabasamu ndilo lililoniwasha. Niliona mtoto amesoma kidogo, sasa anamchezea babake mbele ya watu. Niliacha ngoma, nikatembea hadi ukutani, nikachomoa waya wa spika yako. Mbele ya kanisa zima.  Ulivua mkanda wa gita, ukaniambia, "Sawa, baba." Mchungaji akaanzisha wimbo kwa mdomo, tukamaliza hivyo. Tulipofika nyumbani ukasukuma spika chini ya kitanda, na sijasikia besi ndani ya nyumba hii tena.

Mama yako aliniuliza jioni ile, "Na kama ni wewe ulikosea?" Nilimjibu maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Mimi nikosee isukuti? Afadhali uniambie nimesahau jina langu.

Basi. Uliponunua simu mpya, ile ya zamani ulimpa mama yako, ukasema, "Mpe baba awe akisikiliza habari." Siku ya pili nikiwa kibandani pangu pa kushonea natafuta habari, nikabonyeza mahali, muziki ukatokea. Mpaka leo sijui: ulisahau kuufuta, au uliuacha makusudi? Ni swali la kwanza ninalotaka unijibu.

Nilisikiliza wimbo wa juu kabisa. Nikangoja mwimbaji aanze. Nikangoja. Ngoma zinalia, kinanda kinalia, gita linapiga kelele kama mtu aliyekanyagwa, mwimbaji haji. Chai yangu ikapoa. Dakika kumi na moja, kisha kimya, wimbo umekwisha, na hakuna mtu aliyefungua mdomo. Nikajiuliza, kwani hawa walikuwa wanajiandaa tu?

Wa pili nikadhani simu imeharibika. Nilisikia nyimbo mbili zinalia kwa pamoja, moja ndani ya nyingine, na kila moja imekasirika. Nikaipeleka kwa Wesonga, huyu fundi wa simu tunayepakana naye kibanda. Akaweka sikioni, akasikiliza, akanirudishia. "Mzee, simu haina shida. Ngoma yenyewe ndiyo iko hivyo." Nikamwambia angalia tena. Akaifungua kabisa, akapuliza vumbi, akaifunga. "Iko hivyo," akasema. Niliona haya, nikanunua kava ambalo sikulihitaji.

Ungefikiri ningeacha hapo. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira yangu unaijua, haipendi kushindwa na kitu kidogo cha mfukoni. Nilitaka kujua ni nini hiki kilichomfanya mtoto wangu aniharibie mavuno. Kila siku baada ya chakula cha mchana naweka kile kidude cha sikio, sikio moja tu ili niwasikie wateja. Na hapo nikagundua siwezi kushona nacho. Mguu wangu kwenye pedali umezoea kufuata wimbo. Wimbo wa kawaida unakwenda, mguu unakwenda, pindo linanyooka. Hii yako mguu unaanza vizuri, mara umeachwa, mara umetangulia, sindano inaruka. Nilishona sare ya mtoto wa darasa la nne nikampa mikono miwili ya kushoto. Mama yake akaja, akaiinua juu, akaniuliza, "Fundi, huyu wangu unamuonanga akitembea kwa upande?"

Nikakumbuka kitu ulichoniambia zamani, kabla ya haya yote, tukimenya viazi. Nilikuuliza hii kelele ni ya nini, ukasema, "Ni jazi imeolewa na gita la umeme, baba. Halafu wakazaa, na kila mtoto ana tabia yake." Nilikucheka siku ile. Sasa nikafikiri, watoto wengi wakitoka shule kwa pamoja wewe huwaangalii wote. Unamtafuta wako kwa sweta yake, unamfuata huyo huyo mpaka akufikie. Nikaamua kumfuata mmoja tu. Nikachagua besi, kwa sababu ni yako.

Na hapo, Mmbone, sijui nikueleze vipi, kelele ikapungua. Muziki ulikuwa ule ule. Besi inakwenda chini taratibu, inajua inakokwenda, wale wengine wanaruka na kupigana juu yake, lakini kila mara wanairudia kama kuku wanavyorudi jikoni. Siku nyingine nikamfuata mpiga ngoma. Siku nyingine kinanda. Wimbo mmoja niliusikiliza wiki nzima, ule ule. Nyingine nimeshindwa nazo. Kuna mmoja wenye tarumbeta ambao bado unaniumiza jino, na sitakudanganya kwamba naupenda. Kuna mwingine mtulivu, una kitu kama midundo yetu ndani yake, huo ningeanza nao kama kungekuwa na mtu wa kunishika mkono. Lakini mtu wa kunishika mkono nilikuwa nimemchomolea waya.

Hilo ni kosa ninalolijua vizuri. La mkono wangu sikulijua.

Hadithi ya mkono huu wa kushoto unaijua nusu. Ulikuwa darasa la pili tulipokwenda Musanda kwa wazazi wa mama yako, tukawakuta wakikata miwa. Mimi mkwe, fundi wa nguo, nikavua shati nikaomba panga. Nilitaka waone kwamba binti yao hakuolewa na sindano. Mistari mitatu nilikwenda kama askari. Wa nne panga likateleza. Kidole kimoja kilibaki huko kwenye miwa, kingine kikapona lakini hakikunjiki. Kila mtu alinihurumia, hakuna aliyenicheka, na ukweli ni kwamba nilistahili kuchekwa. Nilirudi kwenye ngoma baada ya miezi mitatu na nikamwambia kila mtu kwamba hakuna kilichobadilika. Nilijiambia na mimi pia.

Sasa rudi kwenye simu. Chini kabisa ya orodha kulikuwa na wimbo ambao jina lake ni "Baba". Niliuona siku ya kwanza na sikuugusa. Niliogopa. Nilidhani umenirekodia matusi kwa gita. Unacheka, lakini nilipita juu ya jina hilo kwa miezi. Wiki tatu zilizopita, tarehe ya safari ilipojulikana, nikaubonyeza.

Besi ni wewe, hilo nilijua mara moja, kwa ile tabia yako ya kuchelewa kidogo kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Kuna ngoma na kinanda, sijui ni wenzako gani. Na mwendo wake ulinishinda kabisa. Nilihesabu kwa kalamu ya chaki mezani: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, na kabla sijasema nane umesharudi mwanzo. Nikahesabu tena. Saba. Kila mara saba. Mguu wangu ukawa unaning'inia hewani kila mzunguko, hauna pa kukanyaga. Nikasema huyu mtoto amesahau pigo. Nikasema hapana, hakuna mtu anayesahau mara mia.

Nilivyochoka kuhesabu, nikaja nyumbani, mama yako akiwa sokoni na wewe mazoezini, nikaitoa isukuti. Nikaweka vidude masikioni, nikafunga macho, nikajaribu kupiga pamoja nawe. Nilitarajia kupotea. Sikupotea. Mikono ilikwenda yenyewe. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa kumi, niko ndani kama shati lililokatwa kwa kipimo changu. Ala! Kichwani najua sijui mwendo huu, na mikono inaujua. Nilisimamisha wimbo, nikapiga peke yangu ule mwendo wetu wa kawaida wa kuingilia kanisani, polepole, nikitazama mkono wa kushoto kama ninavyotazama mwanafunzi mvivu. Saba. Pigo la nane halikuwepo. Kidole kile kinapouma, mkono unaliruka na kurudi mwanzo.

Sikuamini. Nikaenda kwa Shivachi siku hiyo hiyo, nikamkuta akilisha ng'ombe. Nikamuuliza, "Ndugu yangu, mimi nikipiga ngoma naruka pigo?"

Aliweka chini majani ya ng'ombe. Kisha akaanza kucheka mpaka akashika kigingi cha ng'ombe. "Kwani ulidhani mimi hapo hupiganga mara mbili kwa raha yangu? Tangu ukatike kidole nimekuficha."

"Na hukuniambia?"

"Ungekubali?"

 Ndiyo hivyo, miaka yote hiyo nimelisikia pigo la nane, nikalingoja, na kudhani ni langu. Na watu wakinipongeza kanisani, nikisema mcheza kwao hutunzwa, Shivachi amesimama pale nyuma na ngoma yake ndogo, hasemi. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa linazikwa kabisa.

Nilipokuwa natembea kurudi, jambo likanigonga katikati ya njia, nikasimama, mwenye bodaboda akanitukana. Siku ya mavuno Shivachi hakuwepo. Hakukuwa na mtu wa kunificha. Pengo lilikuwa wazi mbele ya kanisa lote, na miguu ya akina mama ilianguka ndani yake. Mimi ndiye niliyeyamwaga maharagwe yale. Na wewe, ulipolisikia pengo, uliukunja mwendo wako ukawa saba ili uwe nami. Hukuniharibia. Ulikuwa mtu pekee ndani ya kanisa lile aliyekuwa akipiga pamoja na mimi. Na mimi nikatembea hadi ukutani.

Nisamehe, mwanangu. Nimeliandika neno hilo mara tatu kwenye karatasi zilizotangulia na kuzichana, kwa sababu kila mara nililifuata na maelezo. Sasa silifuati na kitu. Nisamehe.

Lakini bado nimechanganyikiwa, na sitaki uende ukidhani babako sasa ameelewa kila kitu. Lile tabasamu, lilikuwa la nini? Ulikuwa unanicheka, au ulikuwa umefurahi kwamba tuko pamoja? Ulijua tangu lini? Nakukumbuka mdogo, umekaa kati ya ngoma yangu na ya Shivachi, umeegemea zote mbili. Ulikuwa unalisikia tangu wakati huo na ukanyamaza? Na wimbo huu, ni wa kunionyesha kosa langu, au ni wa kunipenda? Kuna saa naamini hili, saa nyingine naamini lile. Mama yako nimemsikilizisha, akasema, "Mimi naskia tu gita." Hakunisaidia.

Na kuna mahali karibu na mwisho, baada ya saba nyingi sana, ambapo mara moja tu nasikia pigo la nane. Ni besi. Linawekwa pole pole, kama mtu anavyoweka kikombe mezani mgonjwa akiwa amelala. Halafu halirudi tena. Nimelisikiliza hadi betri ikaisha. Siku nyingine nalisikia, siku nyingine nadhani ni simu tu inakwaruza. Siku ya kwanza niliyolisikia nililia kibandani, na Wesonga akaja kuuliza kama nimepata habari mbaya. Nilimwambia ni vumbi la kitambaa. Sijui kwa nini nilimdanganya, ni mtu mzuri.

Kama ungetaka nikupe kitu cha kubeba, sina zaidi ya hiki, na hata hiki sina hakika nacho. Mimi huwa nakasirikia kitu nisichokielewa kabla hakijamaliza kusema. Nilifanya hivyo kwa mama yako zaidi ya mara moja, nikafanya kwako. Wewe nakuona una masikio bora kuliko yangu, lakini hasira tunafanana. Huko unakokwenda kutakuwa na watu watakaopiga vitu vitakavyokukera. Wape hadi chai ipoe. Ukishindwa, umeshindwa, mimi na yule wa tarumbeta hatujapatana mpaka leo.

Jua linashuka. Mama yako anachoma manyoya ya ingokho, kuku wa kukuaga, huko nyuma na ananiuliza kwa nini nimejaza vitu sebuleni. Nimemwambia angoje, akaniambia hajawahi kufanya kazi nyingine ndani ya ndoa hii.

Utakapofika utaikuta barua hii juu ya spika yako. Nimeitoa chini ya kitanda, nimeipangusa vumbi. Isukuti nayo ilikuwa juani tangu mchana, ngozi imekaza vizuri. Shivachi sijamwita. Usiku wa leo sitaki mtu wa kunificha. Nitapiga saba zangu, na pale pa nane nitapaacha wazi, ufanye unavyoona wewe.

Waya nimeuchomeka mwenyewe, kwa mkono huu wa kushoto. Vaa gita lako, mama, uanze. Mimi nitakufuata.

Baba yako